Fedha, virusi na damu ya panya: namba zinasema nini hasa?

Kila ugonjwa wa virusi unapozuka, kuna sentensi inayosambaa haraka kuliko ugonjwa wenyewe: panya walioambukizwa walipewa dawa yenye madini ya fedha, na damu yao ikarudi kuwa ya kawaida. Anayeisoma huelewa papo hapo kwamba fedha imeua virusi na mnyama amepona. Lakini sentensi hiyo haijasema hayo. Imesema tu kwamba vitu fulani vilivyohesabiwa kwenye damu vilikuwa vichache, kisha vikaongezeka. Kutoka hapo hadi kusema virusi vimekufa ni mbali sana, na wengi huruka hatua zote za katikati.

Naziona hatua hizo kuwa za muhimu kwa sababu mbili. Kuna watu wanaokunywa maji ya fedha nyumbani kwa kutegemea sentensi ya aina hiyo, na kuna wanyama wanaouawa maabara katika majaribio ambayo, kwa jinsi yalivyopangwa, hayawezi kujibu swali lililoulizwa. Damu ya mnyama aliyeambukizwa kisha akatibiwa kwa fedha ina athari tatu zilizochanganyika: ya kirusi, ya fedha yenyewe, na ya mkono wa mtafiti aliyemshika mnyama na kumtoa damu. Ni lazima zitenganishwe kabla mtu hajatamka neno "tiba".

Tuanze na dawa yenyewe. Kongwe zaidi katika dawa za fedha ni chumvi zake, hasa nitrati ya fedha. Mwaka 1881 daktari Mjerumani Carl Credé alitangaza njia yake ya kudondoshea watoto wachanga tone la myeyusho wa asilimia 2 wa nitrati hiyo machoni, ili wasipofuke kutokana na maambukizi waliyoyapata wakati wa kuzaliwa. Njia hiyo ilifaulu kweli, na sehemu kubwa ya sifa ya fedha imesimama juu yake. Adui pale alikuwa bakteria, si kirusi. Mwaka 1897 ikaingia Protargol, ambayo ni fedha iliyofungamanishwa na protini ili isichome utando laini wa mwili kama chumvi inavyochoma. Siku hizi utafiti mwingi umehamia kwenye chembe nano, yaani vipande vya fedha vyenye upana wa nanomita 1 hadi 100 vinavyoelea majini kwa msaada wa kitu kingine kinachovizuia kushikana.

Hicho kitu kingine si cha kupuuzwa. Argovit, dawa ya Urusi inayotumika katika majaribio mengi ya wanyama, ina fedha asilimia 1.2, maji asilimia 80, na asilimia 18.8 iliyobaki ni polima iitwayo polivinilpirolidoni. Kwa kila gramu moja ya fedha, mnyama anapokea zaidi ya gramu 15 za polima. Mtafiti akimlinganisha panya aliyepewa dawa hii na panya aliyepewa maji matupu, hana njia ya kujua kama tofauti anayoiona imeletwa na fedha au na polima. Kundi linganishi linatakiwa lipewe polima ileile, kwa kiasi kilekile, bila fedha. Ninapofungua ripoti yoyote ya fedha na wanyama, hilo ndilo ninalolitafuta kwanza, kabla hata ya matokeo.

Je, fedha inadhuru virusi? Ndani ya chombo cha maabara, ndiyo, na ushahidi upo. Ioni za fedha, yaani atomi zake zenye chaji ya umeme, hushikamana kwa nguvu na salfa, na protini nyingi za virusi zina salfa mahali panapohitajika ili kirusi kishike seli. Mwaka 2005 watafiti wa Mexico na Marekani walionyesha kwamba chembe za fedha za nanomita 1 hadi 10 hujibandika kwenye HIV, na wakaeleza kwamba huenda zinashika vifundo vya protini gp120 ambavyo kirusi hicho huvitumia kuingilia seli. Mwaka 2020 watafiti wa Japani walipima chembe za fedha dhidi ya kirusi cha UVIKO-19 na kukuta zile za nanomita 10 hivi zinakizuia kwa kiwango cha sehemu 1 hadi 10 kwa milioni. Katika kazi hiyohiyo waliona kwamba kuanzia sehemu 20 kwa milioni, fedha ilianza kuua seli zenyewe zilizokuwa zinalindwa. Nafasi kati ya kiwango kinachosaidia na kinachodhuru ilikuwa finyu mno.

Mwilini mambo huwa magumu zaidi. Plazima ya damu imejaa kloridi, na fedha ikikutana na kloridi hugeuka kloridi ya fedha, ambayo haiyeyuki kirahisi. Ioni zinazoponea hapo hunaswa na albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika plazima na yenye salfa iliyo wazi. Zinazoingia kwenye seli hupokewa na glutathioni, ambayo nayo ina salfa. Kwa hiyo fedha iliyokuwa kali ndani ya chombo hufika kwa kirusi ikiwa kidogo, imefungwa, au haifiki kabisa. Mfano mzuri ni jaribio lililochapishwa mwaka 2016 kuhusu kirusi cha homa ya Bonde la Ufa, ambapo Argovit ilijaribiwa kwa panya waliozalishwa bila kipokezi cha intaferoni, protini ambayo mwili huitoa kupambana na virusi, ili wawe dhaifu mbele ya kirusi. Kirusi kilipochanganywa na fedha kabla ya kudungwa, nguvu yake ya kuambukiza ilipungua sana. Maambukizi yalipokuwa yameshashika, uwezo wa fedha kuyadhibiti ulikuwa mdogo. Watafiti wenyewe waliliandika hilo waziwazi, na nawaheshimu kwa hilo. Wanaonukuu kazi yao mara nyingi huchukua nusu ya kwanza tu.

Sasa tuje kwenye damu. Kwanza tumwache panya aambukizwe bila kupewa fedha, tuone nini kinatokea.

Panya mdogo wa maabara (kwa Kiingereza mouse) ana damu isiyofanana na ya binadamu. Kwa binadamu mzima, zaidi ya nusu ya seli nyeupe ni nyutrofili, askari wa kwanza dhidi ya bakteria. Kwa panya mdogo, karibu robo tatu ni limfositi, zile zinazohusika na kinga mahususi na kingamwili. Kirusi kinapoingia na mwili ukaanza kutoa intaferoni, limfositi huondoka kwenye mzunguko wa damu na kujikusanya kwenye tezi za limfu na wengu. Mashine ya kuhesabu huona upungufu mkubwa, na mtu asiyejua husema kinga imevunjika. Kumbe wakati wowote ni sehemu ndogo sana ya limfositi za mwili iliyomo kwenye damu. Nyingine zimo kwenye tishu. Zikihama kwa muda, damu huonekana tupu ilhali mwili uko kazini. Siku chache baadaye zinarudi, mara nyingine kwa wingi kuliko mwanzo, bila dawa yoyote.

Virusi vingine huenda ndani zaidi. Kirusi cha LCMV, ambacho kimetumika miongo mingi kuchunguza kinga ya panya, hupunguza kwa muda seli nyekundu, seli nyeupe na chembe sahani za kugandisha damu, hasa kwa sababu intaferoni inayomwagwa dhidi yake hudumaza uboho wa mifupa. Kirusi kilichogunduliwa na Charlotte Friend katika miaka ya 1950 hufanya kinyume: huchochea chembechembe changa za seli nyekundu ziongezeke ovyo na wengu uvimbe. Virusi vya ini hupandisha vimeng'enya vya ALT na AST, ambavyo vinapaswa kukaa ndani ya seli na huvuja seli inapojeruhiwa. Kila kirusi kina saini yake, na kila saini ina ratiba. Kusema "maambukizi ya virusi hupunguza seli nyeupe" bila kutaja kirusi gani na siku ya ngapi ni kusema kitu kisichoweza kupimwa.

Ratiba ndiyo inayowaponza wengi. Tuseme kirusi fulani huangusha limfositi siku ya 3 na mwili huzirudisha wenyewe siku ya 8. Mtafiti akianza dawa siku ya 3 na kupima siku ya 8, dawa yoyote ile itaonekana imefanya kazi, hata maji yenye chumvi. Bila kundi la wagonjwa wasiotibiwa, linalotolewa damu siku zilezile, hakuna hitimisho lolote.

Fedha nayo, bila kirusi, huacha alama zake. Katika majaribio yaliyofanywa Korea Kusini na kuchapishwa mwaka 2008 na 2010, panya wakubwa (aina nyingine, kwa Kiingereza rat) walinyweshwa chembe nano za fedha kila siku, kwa siku 28 katika jaribio la kwanza na siku 90 katika la pili. Kwenye lile la siku 28, panya waliopewa zaidi ya miligramu 300 kwa kilo ya uzito walionyesha mabadiliko ya kimeng'enya cha ALP na ya kolesteroli, dalili kwamba ini limeguswa. Kwenye lile la siku 90, kiwango ambacho hakikuonyesha madhara kilikuwa miligramu 30 kwa kilo, na madhara yalianza kuonekana kwenye 125. Jambo lililonivutia zaidi katika kazi hizo ni kwamba figo za majike zilikusanya takriban mara mbili ya fedha iliyokusanywa na figo za madume. Jaribio linalotumia jinsia moja tu, na yako mengi, linaacha nusu ya habari.

Seli nyekundu zikiachwa zigusane na chembe nano za fedha kwenye chupa ya maabara hupasuka, na chembe ndogo huzipasua zaidi kuliko vipande vikubwa vya fedha ileile, kwa kuwa eneo la juu ni kubwa na ioni hutoka kwa wingi. Ndani ya mnyama aliyenyweshwa kiasi kidogo, jambo hilo halionekani kirahisi, kwa sababu fedha haifiki kwenye damu kwa wingi huo. Kwa hiyo njia ya kuingiza dawa, iwe kinywani, puani, tumboni au kwenye mshipa, inaweza kugeuza matokeo yote, na ripoti mbili zinazopingana zinaweza kuwa kweli zote mbili.

Kwa chembe sahani, mvutano ni wa wazi zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa India waliripoti kwamba chembe nano za fedha huzizuia chembe sahani zisishikane, wakapendekeza kuwa huenda siku moja zikawa dawa ya kuzuia damu kuganda mahali pasipotakiwa. Mwaka 2011 watafiti wa Korea Kusini waliripoti kwamba chembe nano za fedha huzichochea chembe sahani zishikane na kuongeza madonge ya damu kwa panya. Ni madini yaleyale na seli zilezile. Tofauti za ukubwa wa chembe, mipako yake, dozi na maandalizi ya damu zinatosha kuigeuza athari juu chini. Mtu anayesema kwa mkato kwamba fedha "inaimarisha damu" hajaeleza anazungumzia fedha ipi.

Kwa seli nyeupe, somo la kale zaidi limetoka kwa binadamu. Mafuta ya sulfadiazini ya fedha, yaliyoanzishwa na Charles Fox mwaka 1968, hupakwa kwenye majeraha ya moto. Madaktari waliona kwamba baadhi ya wagonjwa hupungukiwa seli nyeupe siku chache baada ya kuanza kupakwa, kisha hesabu hupanda tena hata mafuta yakiendelea kutumika. Mjadala ukawa mrefu: je, ni dawa, au ni kuungua kwenyewe kunakovuta seli nyeupe kutoka kwenye mzunguko na kuzipeleka kwenye jeraha? Ndilo swali letu la panya, ila hapa kuna moto badala ya kirusi. Ugonjwa na dawa vinapogusa namba moja kwa wakati mmoja, kumtazama mgonjwa aliyetibiwa peke yake hakutoi jibu.

Ninapotaka kukaa zaidi ni hapa panapofuata, kwa sababu sijaona pakielezwa vya kutosha. Fedha haibadilishi damu tu. Hubadilisha pia kipimo cha damu.

Chukua seruloplazmini, protini ya plazima yenye shaba inayosaidia kuandaa madini ya chuma kwa matumizi ya mwili. Mwili unapopata uvimbe au maambukizi, ini huitoa kwa wingi zaidi, na ndiyo maana hupimwa kama kiashiria cha uvimbe. Lakini fedha inafanana vya kutosha na shaba kiasi cha kuingia katika nafasi yake. Panya wakubwa waliolishwa chumvi ya fedha huendelea kutengeneza protini hiyo, ila protini yenyewe haifanyi kazi. Utendaji wake hushuka karibu na sifuri. Sasa fikiria maabara inayopima seruloplazmini kwa kuangalia utendaji wake badala ya wingi wake. Panya mgonjwa asiyetibiwa ataonyesha kiwango cha juu, na panya mgonjwa aliyepewa fedha ataonyesha cha chini. Ripoti itaandikwa kwamba fedha imetuliza uvimbe, ilhali kilichotokea ni kwamba fedha imekizima chombo cha kupimia, na huenda imemkosesha mnyama shaba anayoihitaji.

Kimeng'enya cha LDH nacho kina shida hiyohiyo. Hupimwa ili kujua ni seli ngapi zimepasuka: kadiri zinavyopasuka ndivyo LDH inavyojaa nje ya seli. Lakini fedha hukilemaza kimeng'enya hiki. Sampuli yenye fedha inaweza kutoa usomaji wa chini hata pale ambapo seli nyingi zimekufa. Zaidi ya hapo, chembe nano za fedha hufyonza mwanga karibu na nanomita 400, ndiyo maana myeyusho wake una rangi ya manjano, na vipimo vinavyotegemea rangi kwenye eneo hilo vinaweza kupotoshwa. Tazama upande ambao makosa haya huegemea: seruloplazmini ya chini, LDH ya chini, yote mawili husomeka kama nafuu. Mtafiti anayetamani dawa yake ifanye kazi hapati sababu ya kushtuka. Dawa ya tatizo hili inajulikana na ni rahisi. Chukua damu ya panya mzima asiyepewa chochote, ichanganye na kiasi kinachojulikana cha dawa ya fedha ndani ya chupa, kisha pima. Namba ikibadilika pale, basi kipimo kinadanganya, na lazima kitafutwe kingine.

Athari ya tatu ni ya mikono. Panya mdogo wa gramu 25 ana damu isiyozidi mililita 2 mwili mzima. Kwa wastani ni mililita 72 kwa kila kilo ya uzito, yaani takriban mililita 1.8. Mwongozo unaofuatwa katika maabara nyingi ni kutotoa zaidi ya asilimia 10 kwa mara moja, nayo ni chini ya mililita 0.2, matone machache tu. Mtafiti anayemtoa mnyama huyo damu siku ya 1, 3, 5 na 7 anaweza kumtengenezea upungufu wa damu kwa sindano, kisha akaulaumu au kuusifu ugonjwa au dawa. Damu ya mkiani huweza kutoa hesabu ya seli nyeupe iliyo juu kuliko damu ya moyo ya mnyama yuleyule. Hofu ya kushikwa humwaga homoni za msongo zinazopunguza limfositi na kupandisha nyutrofili, na saa ya siku nayo huhesabika, kwani seli nyeupe hupanda na kushuka kwa mzunguko wa saa 24. Panya mgonjwa hunywa maji kidogo, plazima yake hupungua, na seli nyekundu huonekana nyingi kwa kuwa tu kimiminika kimekauka.

Kuna hesabu ndogo inayosaidia sana hapa. Seli nyekundu ya panya mdogo huishi siku 40 hivi, dhidi ya 120 kwa binadamu. Hata uboho ukisimama kabisa kwa wiki nzima, seli zitakazokuwa zimekufa kwa uzee ni kama saba kati ya kila 40, chini kidogo ya moja ya tano. Ripoti ikisema kwamba kirusi "kilizuia utengenezaji wa damu" na hemoglobini ikaanguka kwa nusu ndani ya siku saba, maelezo hayo hayatoshi. Kuna seli zilizopasuliwa, au kuna kuvuja damu, au kuna sindano nyingi mno.

Kisha kuna wafu. Tuseme makundi mawili ya panya kumi kumi yameambukizwa, moja likatibiwa. Katika kundi lisilotibiwa wanne wanakufa kabla ya siku ya 7, na ndio waliokuwa na chembe sahani chache kuliko wenzao. Siku ya 7 damu inapimwa kwa sita waliobaki, wale wenye nguvu, na wastani wao unaonekana mzuri. Ikiwa katika kundi lililotibiwa wote kumi wako hai, wakiwemo dhaifu, wastani wao utakuwa mbaya zaidi. Dawa iliyookoa wanne itaonekana imeharibu damu. Kinyume chake pia hutokea: dawa ikiwa na sumu na ikawaua dhaifu mapema, waliobaki watapendeza. Wastani wa damu usioambatana na idadi ya waliokufa na siku zao za kufa hausomeki.

Njia ya kuzitenganisha athari hizi haihitaji teknolojia mpya. Inahitaji makundi manne: wazima wasiopewa dawa, wazima waliopewa fedha, wagonjwa wasiopewa dawa, na wagonjwa waliopewa fedha; na wasiopewa fedha wapewe kibebeo chake, kama ile polima. Namba za kubuni zitaonyesha kwa nini. Tuseme seli nyeupe, kwa maelfu kwa kila mikrolita, ni 8 kwa wazima wasiopewa kitu, 4 kwa wagonjwa wasiopewa kitu, na 6 kwa wagonjwa waliopewa fedha. Hadi hapo fedha inang'aa: imerudisha nusu ya kilichopotea. Sasa fungua kundi la nne, wazima waliopewa fedha, ukute wana 10. Fedha imeongeza 2 kwa mzima na imeongeza 2 kwa mgonjwa. Haikufanya lolote dhidi ya kirusi. Inachokoza mwili utoe seli nyeupe, awepo kirusi au asiwepo. Pengine mwili unaiona fedha kama mgeni anayeudhi. Kundi la wazima waliopewa fedha ndilo linaloachwa mara nyingi ili kupunguza gharama, na ndilo lenye jibu.

Kando ya damu, lazima kirusi chenyewe kihesabiwe kwenye kiungo kinachoshambuliwa. Jaribio la mafua ya H3N2 lililochapishwa na watafiti wa China mwaka 2013 lilifanya hivyo: panya waliopewa chembe nano za fedha kupitia puani waliishi kwa wingi zaidi, kirusi kilikuwa kidogo kwenye mapafu, na mapafu yalikuwa na vidonda vichache. Huo ni ushahidi wenye uzito, kwa sababu unatoka kwenye mapafu na kwenye uhai wa mnyama. Jaribio la mwaka 2019 juu ya RSV, kirusi kinachoshambulia njia za hewa, lililofanywa Marekani, linaongeza jambo lisilotarajiwa. Fedha ilipunguza kirusi na kupunguza baadhi ya kemikali za uvimbe, lakini iliongeza nyutrofili kwenye njia za hewa. Watafiti walipoziondoa nyutrofili hizo kwa makusudi, faida ya fedha ilipotea. Kwa hiyo sehemu ya kazi haikuwa ya fedha kumgusa adui. Ilikuwa ya fedha kuziita seli za mwili. Aliyekuwa anasubiri nyutrofili "zirudi kawaida" kama dalili ya kupona angekuwa ameshika kipimo kinyume.

Kutoka kwa panya hadi kwa mtu kuna ngazi ya dozi. Kanuni inayotumika sana katika kupanga majaribio ya dawa ni kugawanya dozi ya panya mkubwa kwa 6.2, na ya panya mdogo kwa 12.3, ili kupata makadirio ya binadamu kwa kilo. Ile miligramu 30 kwa kilo isiyoonyesha madhara kwa panya mkubwa inakuwa takriban 4.8 kwa binadamu, sawa na miligramu 290 kwa siku kwa mtu wa kilo 60. Inaonekana kuna nafasi kubwa ya usalama. Lakini Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA, likitumia kumbukumbu za watu waliogeuka rangi kwa kutumia fedha, liliweka kiwango cha kila siku kuwa miligramu 0.005 kwa kilo, yaani miligramu 0.3 kwa mtu huyohuyo. Pengo ni la karibu mara elfu moja. Ugonjwa wa argiria, ambapo ngozi hugeuka rangi ya kijivu cha bluu na kwa kawaida haibadiliki tena, hautabiriwi na vimeng'enya vya ini vya panya wala hauonekani kwenye hesabu ya seli. Mwaka 1999 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitamka kwamba dawa za kununuliwa bila cheti zenye koloidi (chembe ndogo za fedha zinazoelea majini) au chumvi za fedha hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na manufaa, na mwaka 2020 ikatuma barua za onyo kwa waliokuwa wakiziuza kama kinga ya UVIKO-19.

Damu pia haisemi fedha imebaki wapi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, panya wakubwa walinyweshwa fedha kwa siku 28, kisha baadhi yao wakaachwa bila kupewa tena. Wiki nane baadaye fedha ilikuwa imeondoka kwenye viungo vingi, isipokuwa kwenye ubongo na korodani. Jaribio la virusi linalomalizika siku ya 10, likaandika kwamba damu ni safi na dawa haina madhara, halijafika hata karibu na swali hilo. Anayepanga jaribio jipya angeweza kuwabakiza panya wachache wa kila kundi kwa wiki nane, awapime ubongo, korodani, ini na figo, na aeleze fedha iliyobaki ni kiasi gani pamoja na hesabu ya kirusi. Wanyama ni walewale, na gharama ya ziada ni ya chakula na muda.